Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Toba, Msamaha na Maisha Yaliyovunjika

Haya ni maswali ambayo watu huuliza kwa sauti ya chini, mara nyingi ibada ikiisha na wengine wakiwa wameondoka, au gerezani siku ya kutembelewa, au usiku wa manane kwa ujumbe wa simu usio na jina. Wanaouliza ni watu walioharibikiwa: waliokula unga (dawa za kulevya kama heroini), waliofungwa, waliovunja ndoa zao au kuvunjiwa, waliotendwa vibaya utotoni, na wengine ambao wametenda mambo wasiyopata kumwambia mtu yeyote. Nukuu za Biblia ni za tafsiri ya Union. Pale ambapo makanisa yanatofautiana, tumesema hivyo waziwazi.

Je, ipo dhambi kubwa kiasi kwamba Mungu hawezi kuisamehe?

Anayeuliza hivi kwa kawaida ana dhambi moja mahususi moyoni, ndiyo maana jibu la jumla halimtoshi. Basi tumtazame Manase, mfalme wa Yuda, aliyetawala Yerusalemu miaka 55. Aliwapitisha watoto wake motoni katika bonde la mwana wa Hinomu, akafanya uchawi, akaweka sanamu ndani ya hekalu, na kitabu cha Wafalme kinaongeza kwamba alimwaga damu isiyo na hatia kwa wingi hata akaujaza mji. Mtu huyo, alipokamatwa na Waashuri na kupelekwa Babeli akiwa amefungwa pingu, alijinyenyekeza mbele za Mungu wa baba zake, na sura ya 33 ya Mambo ya Nyakati cha Pili inasimulia kwamba Mungu alimsikia akamrudisha katika ufalme wake. Hakuwa na njia ya kufidia uhai wa mtoto hata mmoja. Alisikilizwa hata hivyo.

Wengi hutaja hapa maneno ya Yesu katika Marko 3 kuhusu kumkufuru Roho Mtakatifu. Maneno hayo yaliambiwa waandishi ambao, wakiwa wameona wagonjwa wakifunguliwa mbele ya macho yao, waliamua kuiita kazi hiyo kazi ya pepo mchafu. Ni ugumu wa moyo wa mtu asiyetaka msamaha kabisa na ambaye haoni kwamba anauhitaji. Mtu anayekosa usingizi kwa hofu kwamba huenda aliitenda dhambi hiyo anaonyesha, kwa hofu yenyewe, kwamba hayumo katika hali ile.

Ni lazima nijirekebishe kwanza ndipo nije kanisani?

Hapana. Warumi 5:8 inasema Kristo alikufa kwa ajili yetu "tulipokuwa tungali wenye dhambi", na katika Luka 19 Yesu alijialika nyumbani kwa Zakayo, mtoza ushuru, kabla Zakayo hajasema neno lolote la kurudisha mali ya watu. Ikiwa umewahi kuzuiwa mlangoni kwa sababu ya nguo zako, harufu ya pombe au habari zinazosemwa juu yako mtaani, waliokuzuia walikosea.

Kama msamaha ni bure, kwa nini mnazungumza juu ya damu na malipo?

Kwa sababu ni bure kwako anayepokea; kwa aliyeutoa haukuwa bure. Watu wa pwani yetu wana historia inayolieleza jambo hili vizuri kuliko vitabu vingi vya theolojia. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873, na mahali pale pale, Mkunazini, Waanglikana wakajenga kanisa kuu ambalo bado limesimama. Miaka michache kabla ya hapo, mwaka 1868, mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo na kuanza kuwanunua watumwa, wengi wao watoto, ili kuwaweka huru. Mtoto aliyenunuliwa hakuwa na senti moja ya kuchangia. Bei ililipwa na mwingine, mbele yake, na yeye akavuka kutoka hali moja kwenda nyingine. (Ni haki kuongeza kwamba waliokombolewa waliishi chini ya amri kali za misheni, wakifanya kazi katika mashamba yake, na kwamba uhuru wao haukuwa mkamilifu kama barua za wamisionari zilivyoonyesha. Wanadamu wanapokomboa, hubakiza kamba kidogo mkononi.)

Waraka wa Kwanza wa Petro, sura ya kwanza, unatumia picha hiyo hiyo ya soko: mlikombolewa si kwa fedha wala dhahabu, bali kwa damu ya thamani ya Kristo. Wakristo wamejadiliana kwa karne nyingi jinsi msalaba unavyofanya kazi, lakini wanakubaliana juu ya hili: anayekuja kwa Mungu haji kununua. Kwa hiyo mtu yeyote anayekudai fedha ili upate msamaha, awe na cheo gani na kanisa kubwa namna gani, anakuuzia kitu ambacho si chake.

Nikitubu, je, Mungu ataondoa pia matokeo ya niliyoyafanya?

Hili ndilo swali ambalo wahubiri wengi hulipita haraka, nasi tungependa kukaa nalo.

Msamaha wa Mungu hauji kwa mafungu. Warumi 8:1 inasema "hakuna hukumu ya adhabu juu yao walio katika Kristo Yesu", na haisemi kwamba hukumu imepunguzwa. Lakini Biblia hiyo hiyo haifichi kwamba aliyesamehewa bado huishi katika dunia ambamo alichokitenda kimetendeka. Turudi kwa Manase. Alisamehewa, akarudi, akaondoa sanamu, akatengeneza madhabahu. Hata hivyo, miaka mingi baada ya kifo chake, Wafalme wa Pili 23 inasema hasira ya Mungu juu ya Yuda haikugeuka kwa sababu ya machukizo ya Manase, ijapokuwa mjukuu wake Yosia alikuwa mfalme mwema kuliko wote. Mwanawe Amoni aliiga maovu ya baba yake, hakuiga toba yake. Mwizi aliyesulubiwa pamoja na Yesu aliambiwa "leo hivi utakuwa pamoja nami peponi", na jioni ile askari walimvunja miguu kama walivyomvunja mwenzake. Hakushushwa msalabani.

Kwa hiyo mtu aliyeokoka akiwa na kesi mahakamani bado ana kesi. Aliyeambukizwa virusi vya UKIMWI anaendelea na dawa zake, na anayemwambia aziache kwa sababu amepona kwa imani anahatarisha uhai wake. Aliyekopa na kutoroka bado anadaiwa. Mtoto uliyemwacha akiwa na miaka mitatu, leo ana kumi na sita, hana wajibu wa kukukimbilia kwa sababu tu umeokoka Jumapili iliyopita. Tunalisema hili si kwa kukatisha tamaa, bali kwa sababu tumewaona watu wakiiacha imani mwaka wa kwanza kwa kuwa waliahidiwa kwamba kila kitu kingefutika, na kilipokosa kufutika wakadhani msamaha wenyewe ulikuwa wa uongo. Haukuwa wa uongo. Waliahidiwa kitu ambacho Biblia haikuahidi.

Je, ni lazima nirudishe nilichoiba?

Ndiyo, kwa kadiri unavyoweza. Sheria ya Musa katika Walawi 6 iliagiza kwamba aliyedhulumu arudishe kitu chenyewe kwa ukamilifu na kuongeza sehemu ya tano juu yake, siku ile ile anapoleta sadaka yake ya hatia. Mwizi wa kondoo aliyemchinja au kumwuza alitakiwa, kwa Kutoka 22, kulipa kondoo wanne. Zakayo aliposema "namrudishia mara nne" alijihukumu mwenyewe kwa kipimo cha mwizi wa mifugo, ingawa kama mtoza ushuru huenda alikuwa na karatasi zote za kuhalalisha alichokichukua.

Afrika Mashariki ina kumbukumbu yake ya jambo hili. Mwaka 1929 daktari Mwingereza Joe Church, aliyefanya kazi katika hospitali ya Gahini nchini Rwanda, alikutana Kampala na Mganda Simeoni Nsibambi, wakasoma na kuomba pamoja. Kutokana na urafiki huo na wa wengine likatoka vuguvugu la Uamsho ambalo katika miaka ya 1930 lilienea Rwanda na Uganda, likafika Bukoba na Kenya. Waliookoka katika Uamsho huo walijulikana kwa kuungama hadharani na kwa kurudisha vitu: fedha kwa waajiri, mifugo kwa majirani, vifaa vya hospitali na shule vilivyochukuliwa kimyakimya. Maafisa wa kikoloni, na hata baadhi ya maaskofu, waliwaona kuwa wasumbufu. Lakini kwa mwenye duka aliyerudishiwa fedha ambayo hakujua hata kwamba imepotea, hapakuhitajika mahubiri marefu.

Ushauri wa kiutendaji ni huu. Ikiwa kurudisha kutakupeleka polisi, zungumza kwanza na mchungaji au padri mnayeaminiana, na ikiwezekana na wakili. Si kwa ajili ya kukwepa, bali ili uende kwa utaratibu. Ikiwa kiasi ni kikubwa kuliko uwezo wako, andika makubaliano ya kulipa kidogo kidogo na uyatimize. Ikiwa kukiri kwako kutamfichua au kumhatarisha mtu wa tatu asiye na hatia, usikimbilie kusema ili roho yako itulie kwa gharama ya amani yake.

Nimetoka gerezani, na hata kanisani watu hushika mikoba yao ninapokaa karibu. Nifanye nini?

Inaumiza, na hatutakuambia vinginevyo. Tunaomba tu utofautishe msamaha na kuaminiwa. Msamaha unaweza kutolewa leo. Kuaminiwa hujengwa kwa miezi na miaka, na kutoaminiwa mara moja si ushahidi kwamba Mungu hajakupokea. Sauli wa Tarso, aliyekuwa akiwatesa wanafunzi wa Yesu, baada ya kukutana na Kristo njiani kwenda Dameski, alifika Yerusalemu akajaribu kujiunga na wanafunzi, nao wote wakamwogopa, wasiamini kwamba yeye ni mwanafunzi. Matendo 9 inasema Barnaba ndiye aliyemchukua akampeleka kwa mitume na kueleza habari zake. Bila Barnaba, hatujui mambo yangekwendaje.

Tafuta basi mtu mmoja mwenye jina jema atakayekubali kusimama nawe, na umpe sababu za kutojutia. Kwa upande wa makanisa, neno letu ni kali zaidi: usharika unaokwenda gerezani na magunia ya sabuni na sukari wakati wa Krismasi, lakini hauna mtu mmoja wa kumsaidia aliyetoka kupata chumba na kazi mwezi wa Januari, bado haujaanza huduma ya magereza.

Mimi sikutenda, nilitendewa. Je, nami natakiwa kutubu?

Si kwa jambo ulilotendewa. Tamari, binti Daudi, alipobakwa na ndugu yake Amnoni, alimsihi, akakataa, akalia kwa sauti, na sura ya 13 ya Samweli wa Pili haiweki hata chembe ya lawama juu yake. Inamlaumu Amnoni, na inamwonyesha Daudi, mfalme na baba, akikasirika sana lakini asichukue hatua yoyote. Familia nyingi zetu zimerudia kosa la Daudi, zikimaliza mambo kwa vikao vya wazee na mbuzi wawili ili jina la ukoo lisichafuke.

Aibu unayoibeba si hatia, ijapokuwa zinafanana kwa uzito. Hatia huondolewa kwa msamaha. Aibu ya mtu aliyeumizwa huondolewa kwa kuaminiwa, kusikilizwa na kuheshimiwa, na mara nyingi hilo huchukua muda mrefu. Isaya 61 inasema Masihi ametumwa "kuwaganga waliovunjika moyo", na kuganga ni kazi ya mkono kwa mkono, siku kwa siku. Ikiwa kiongozi wa kiroho amekuombea kwa kukutaka utubu dhambi ya kubakwa au kunajisiwa, alikukosea mara ya pili, na unayo haki ya kumkataa.

Biblia inaniagiza kusamehe. Je, nimrudie mume anayenipiga?

Kusamehe na kurudi ni mambo mawili. Mfano bora tulio nao ni wa askofu Festo Kivengere wa Kigezi, mtoto wa Uamsho tuliokwisha kuutaja. Askofu Mkuu Janani Luwum alipouawa mnamo Februari 1977 chini ya utawala wa Idi Amin, Kivengere alikimbia usiku na mkewe kupitia milimani hadi Rwanda, na baadaye, akiwa uhamishoni, akasema hadharani kwamba amemsamehe Amin. Alimsamehe kweli, na hakurudi Uganda mpaka Amin alipoondolewa mwaka 1979. Hakuna aliyemwambia kwamba kubaki kwake ng'ambo ya mpaka kunaubatilisha msamaha wake.

Ikiwa unapigwa, ondoka kwanza uwe salama, wewe na watoto. Nchini Tanzania vituo vingi vya polisi vina dawati la jinsia na watoto, na fomu ya PF3, inayotolewa na polisi, ndiyo itakayotumika hospitalini kuandika majeraha yako. Ukiwahi, ushahidi huwa na nguvu zaidi. Mume anayesema ametubu anaweza kuonyesha toba hiyo akiwa mbali, kwa kukubali sheria ichukue mkondo wake na kwa kukaa bila kukutishia. Mchungaji anayekuambia "vumilia, ndiyo msalaba wako" anachanganya msalaba wa Kristo na ngumi ya mtu.

Natumia unga, au nakunywa pombe kila siku. Je, maombi peke yake yatanitoa?

Wapo watu waliosimama siku moja na wasirudi tena, nasi tunamshukuru Mungu kwa ajili yao. Walio wengi hawakupita njia hiyo, na kuwaambia kwamba imani yao ni ndogo ni ukatili. Yapo pia mambo ya mwili ambayo kila anayeombea watu anapaswa kuyajua. Mtu aliyezoea pombe kali kila siku kwa muda mrefu akiacha ghafla anaweza kupata degedege na hata kufa, kwa hiyo anahitaji daktari. Anayeacha heroini hupata arosto ya mateso makubwa, ambayo kwa kawaida haimwui. Hatari kubwa huja baadaye, akirudi na kutumia kipimo kile kile alichokizoea wakati mwili umekwisha kusahau. Vifo vingi vya waliotoka gerezani au katika kambi za maombi hutokea hivyo.

Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilianza kutoa tiba ya methadoni, dawa inayotolewa badala ya heroini, mwaka 2011, na huduma hiyo imeenea Mwananyamala, Temeke na mikoa mingine. Anayekwenda kila asubuhi kunywa dozi yake mbele ya muuguzi si Mkristo wa daraja la pili, na hakuna sababu ya kumwuliza ataacha lini methadoni kana kwamba ni unga wa aina nyingine. Zipo pia nyumba za upataji nafuu, nyingi zikiongozwa na watu waliopita humo humo. Maombi yana nafasi yake katika yote haya, na nafasi hiyo si ya kuzuia dawa.

Nimeokoka, nimebatizwa, na bado naanguka katika jambo lile lile. Je, wokovu wangu ulikuwa wa kweli?

Petro alimkana Yesu mara tatu akiota moto wa makaa katika ua wa kuhani mkuu; baada ya ufufuo, Injili ya Yohana inasema, aliukuta moto wa makaa mwingine ufukoni, na Yesu akamwuliza mara tatu kama anampenda. Hakuulizwa kama hataanguka tena. Na kweli alianguka: Wagalatia 2 inaeleza jinsi Paulo alivyomkemea Antiokia kwa unafiki, miaka mingi baada ya Pentekoste.

Mfano mwingine ni mgumu zaidi. John Newton, baharia Mwingereza, alimlilia Mungu katika dhoruba mwaka 1748 na baadaye akaihesabu siku ile kuwa mwanzo wa imani yake. Lakini baada ya hapo akawa nahodha wa meli za kubeba watumwa kutoka Afrika Magharibi, akisoma Biblia chumbani mwake huku watu wakiwa wamefungwa minyororo chini ya miguu yake, mpaka alipoacha bahari mwaka 1754, na aliacha kwa sababu ya ugonjwa. Akawa mchungaji mwaka 1764. Aliandika hadharani dhidi ya biashara ile mwaka 1788, miaka 40 baada ya dhoruba. Hatumtoi kama kielelezo cha kuigwa katika kuchelewa. Watu waliokuwa chini ya sitaha hawakuwa na miaka 40 ya kumsubiri. Tunamtaja kwa sababu anaonyesha kwamba imani ya kweli inaweza kukaa muda mrefu pamoja na upofu wa kutisha, na kwamba swali la kujiuliza ni je, leo naona kitu ambacho mwaka jana sikukiona, na ninakifanyia nini.

Je, ni lazima niungame mbele ya watu wote?

Makanisa yanatofautiana. Wakatoliki wana sakramenti ya kitubio, ambamo padri amefungwa na siri ya maungamo na hawezi kuitoa kwa mtu yeyote. Waluteri na Waanglikana huungama kwa pamoja katika ibada, na katika sharika nyingi za Kilutheri nchini Tanzania aliyetengwa na Meza ya Bwana, kwa mfano kwa kuishi na mwenzake bila ndoa ya kanisani, hurudishwa kundini mbele ya washarika. Wapentekoste husisitiza ushuhuda. Yakobo 5:16 inasema "Ungameni dhambi zenu ninyi kwa ninyi", bila kueleza idadi ya wasikilizaji.

Maoni yetu ni kwamba upana wa maungamo ulingane na upana wa kosa: lililofanywa kwa siri liungamwe kwa Mungu na kwa aliyekosewa, na lililofanywa hadharani liombewe radhi hadharani. Tunasita sana juu ya desturi ya kumsimamisha binti aliyepata mimba mbele ya usharika wakati kijana aliyempa mimba ameketi kwaya akiimba. Na ushuhuda wa kusisimua, unaorudiwa kila mkutano na kuongezewa chumvi kila mara, humfunga mtu katika maisha yale yale anayosema ameyaacha.

Nabii ameniambia laana ya ukoo haitavunjika mpaka nitoe sadaka maalumu au nifunge siku nyingi bila kula.

Usitoe, na usifunge kwa amri hiyo. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi nchini Kenya, ilifukuliwa miili ya watu zaidi ya 400, wafuasi wa mhubiri mmoja, wengi wao wakiwa wamekufa kwa njaa, watoto wakiwamo. Waliotangulia kufika pale hawakuwa wajinga. Walikuwa watu wenye shida, kama wewe, waliotafuta pa kupumzika.

Nimeua. Je, neno la msamaha linanihusu?

Linakuhusu, kama lilivyomhusu Manase, na Daudi aliyepanga kifo cha Uria, na Sauli aliyekubali kuuawa kwa Stefano. Lakini hapa tahadhari ni muhimu kuliko popote, na Rwanda inatufundisha kwa nini. Nchi ambako Uamsho ulianza ndiyo iliyopatwa na mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994, na watu waliokimbilia makanisa ya Nyamata na Ntarama waliuawa humo humo. Katika miaka iliyotangulia watu walikuwa wameungama sana pombe, tumbaku na uzinzi. Chuki ya kabila haikuungamwa vya kutosha, na tunadhani somo hilo halijawahusu Wanyarwanda peke yao.

Baadaye mahakama za jamii zinazoitwa gacaca, zilizofungwa rasmi mwaka 2012 baada ya kusikiliza kesi zinazokaribia milioni mbili, zilipunguza adhabu kwa waliokiri. Wengine walikiri kwa sababu walitubu, wengine kwa sababu walihesabu miaka, na manusura alilazimika kukaa akiwasikiliza wote. Kukiri kulikokuwa na thamani kwa manusura kulikuwa kule kulikoonyesha mahali miili ilipo, ili wapendwa wao wazikwe kwa heshima. Basi toba ya aliyeua husema ukweli wote, kwa mamlaka halali, bila kujipunguzia. Haimwombi mfiwa amsamehe ili apate usingizi. Na inakubali kwamba mfiwa anaweza kukaa kimya maisha yake yote. Mungu anaweza kukusamehe ukiwa gerezani. Hahitaji kukutoa humo kwanza.

Nimechoka, na nimefikiri kujiua.

Mwambie mtu leo, kabla ya kusoma zaidi: ndugu, jirani, mchungaji, au nenda hospitali iliyo karibu na useme neno hilo hilo bila kulifunika. Nabii Eliya, katika 1 Wafalme 19, aliketi chini ya mretemu jangwani akaomba afe. Mungu hakumkemea wala kumhubiria. Malaika alimgusa, akampa mkate uliookwa juu ya makaa na maji, akamwacha alale, akamwamsha tena ale mara ya pili kwa kuwa safari ilikuwa kubwa mno kwake. Mazungumzo yalikuja baadaye. Chakula, usingizi, mtu wa kukaa nawe usiku huu na matibabu ya daktari ni mambo ambayo Mungu mwenyewe aliyatanguliza.

Niliyemkosea amekwisha kufa. Nitatubu kwa nani?

Kwa Mungu, na tendo la kurekebisha lielekee kwa walio hai. Hesabu 5 inaagiza kwamba aliyedhulumu aungame na kulipa pamoja na sehemu ya tano. Na kama aliyedhulumiwa hana jamaa wa karibu wa kupokea malipo, yapewe Bwana kupitia kwa kuhani. Yaani sheria ile ilifikiria hali yako, na haikusema deni limekufa na mtu.

Wakristo hawakubaliani kuhusu kuwaombea marehemu: Wakatoliki hufanya hivyo, Waprotestanti wengi hawafanyi. Ukienda kaburini kulia na kusema uliyoshindwa kuyasema, hatutakuzuia. Lakini kama ulimnyima mama yako matunzo, huenda yupo dada yake mzee kijijini ambaye hakuna anayemtumia fedha ya dawa. Kama ulimdhulumu ndugu yako shamba la urithi, watoto wake wapo, na hati inaweza kuandikwa upya mbele ya mwenyekiti wa kijiji. Kama hawataki kukuona, peleka kupitia kwa mtu wanayemheshimu, wala usidai jibu. Na kama hakuna aliyebaki kabisa, toa kiasi hicho hicho, pamoja na sehemu ya tano, kwa mtu maskini asiyejua kwa nini anapewa.